Mtoto Chini ya Mgunga

"Mama huyu ni mtu wa namna gani?" Batula aliuliza.

Wanawake wa darasa la Kiswahili walitazama ubao. Ilikuwa mwaka 1995, katika kambi ya wakimbizi Wasomali ya Ifo, Kenya, na ubao ulikuwa umejaa hadithi fupi ambayo Batula aliitunga mwenyewe na kuiandika asubuhi ile bila kufuta hata neno. Mama anakimbia vita. Mtoto mmoja yuko mgongoni, mwingine, wa kiume, amemshika mkono. Kabla ya kufika mpakani, mvulana anashindwa kutembea. Mama anamlaza chini ya mgunga, anamfunika shuka, anamwachia maji yote, anaondoka. Hadithi inaishia hapo.

"Huyu ni shetani," alisema Ebla, aliyekaa mbele. "Wallahi, mimi singemwacha."

"Ungebeba wote wawili?" jirani yake akamjibu. "Mngekufa wote watatu."

Batula aliandika majibu yote mawili pembeni. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, kama ya mtu anayeita majina kwenye foleni ya mgao. Aliishi peke yake hemani kwake, na hakuna aliyewahi kumwona akilia wala akicheka.

"Ni hadithi ya kubuni tu," aliwakumbusha. "Nani mwingine? Osob?"

Osob alikaa nyuma kabisa. Alikuwa mgeni darasani, ndiyo kwanza ahamishwe kutoka kambi nyingine. Alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yakimdondokea mapajani.

Wanawake waligeuka, wakamwona, wakaelewa. Ebla aliona aibu. Akainuka, akaenda kumshika bega.

"Nisamehe, walaal, dada yangu. Sikujua kama ni wewe."

"Si mimi." Osob alijipangusa uso kwa mtandio. "Mimi sikuacha mtoto. Mimi niliokota."

"Njia ileile ya mpakani. Chini ya mgunga, na shuka. Nikamwambia anywe maji, akakataa. Akasema maji ni ya hooyo, mama yake, atarudi na kiu." Akavuta pumzi. "Nikambeba mgongoni mpaka Kenya. Sasa amekuwa mkubwa. Anasoma hapahapa, shule ya watoto."

"Alhamdulillahi!" Ebla alipiga makofi, na wengine wakaitikia, wote wakisema kwa pamoja. "Mwalimu, hadithi imepata mwisho mzuri! Andika, mwalimu! Andika mtoto alipona!"

Batula alikuwa amewapa mgongo. Aliinua chaki hadi ubaoni, chini ya mstari wa mwisho. Mkono ukabaki hapo.

Kelele zilipotulia, aliuliza bila kugeuka, kwa sauti ileile ya kila siku:

"Mguu wa kushoto, bado anauburuta?"