Sahihi ya Mke

"Madeni saba," alisema ofisa mhakiki, akilamba kidole kufunua ukurasa. "Saba, bwana dereva! Hata fundi viatu anakudai?"

"Viatu vyenyewe vilishaisha, afande. Deni ndilo lililodumu."

Dereva alikuwa ameomba kuhama kutoka lori la samani kwenda gari linalobeba bahasha za siri za serikali. Mshahara mara mbili, na kazi ni kushika usukani na kufunga mdomo. Ila kwanza uchunguzwe mpaka utumbo, maana serikali, ambayo yenyewe inadaiwa na dunia nzima, haimwamini mtu mwenye madeni.

"Deni si kosa," ofisa aliendelea. "Kosa ni kulificha. Mkeo anayajua haya?"

"Thubutu! Si ningekuwa nalala stoo?"

"Basi adui hana haja hata ya kukuhonga. Atakutishia tu kwamba atamwambia mkeo, na wewe utampa bahasha na gari juu. Mkeo anafanya kazi gani?"

"Yuko serikalini pia, takwimu. Anahesabu ng'ombe."

Ofisa alipaliwa na chai. Alipopata pumzi, akamsukumia fomu.

"Mweleze yote. Yote, bwana. Atie sahihi, urudishe kesho."

Dereva alimkuta mkewe akipiga pasi. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, mwanamke huyo hakuwahi kusimulia lolote la kazini, na mumewe hakuwahi kuuliza. Ng'ombe ni ng'ombe, kuna hadithi gani hapo?

Njia nzima alikuwa amejiapiza kuyataja yote saba. Lakini ushujaa wa njiani huishia mlangoni.

"Mama watoto, kuna fomu ya kazi ile. Wanataka ujue kwamba nadaiwa."

"Na nani?"

"Benki, kidogo. Fundi viatu. Na yule wa mkaa."

Shemeji yake, kaka wa huyo huyo mke, aliyekuwa akimdai kuliko wote, dereva alimmeza pamoja na mate. Wengine watatu wakafuata njia hiyo hiyo.

"Ni hao tu?"

"Hao tu. Haki ya Mungu."

Mkewe aliisimamisha pasi. "Fikiri vizuri, baba watoto. Sina haraka."

"Watatu, mke wangu! Mimi ni mtu wa kukuficha?"

Mkewe alishusha pumzi, akachomoa pasi ukutani, akaomba kalamu. Dereva akampa upesi, akijipongeza moyoni. Raha ya kuoa mhesabu ng'ombe hiyo: hana maswali mengi.

Kalamu iliuruka mstari wa mke, ikashuka mpaka kisanduku cha chini kabisa, kilichoandikwa *Mkuu wa Uhakiki*. Hapo mkewe akaandika "Amekataliwa", akatia sahihi.