Sarafu Iliyong'aa

Julius alimpiga Germana teke la pili la ubavu. Kopo likapinduka, shanga na sarafu zikatapakaa sakafuni.

"Iko wapi, shemeji? Usinifanye mjinga!"

Ilikuwa Jumapili asubuhi na Rhotia nzima iko misani, hata Sifa, binti yake Germana, aliyekuwa ameshikwa mkono na jirani kwa kuwa macho yake yameingia ukungu. Wa kusikia kelele hakuwepo. Na huyu Julius ndiye aliyelia kuliko wote siku ya kumzika kaka yake, mume wa Germana!

Germana aliwauzia shanga watalii wa Ngorongoro. Wengine walimlipa kwa sarafu za kwao ambazo benki haizitaki, naye akizisugua kwa majivu kama sufuria, akizitoboa na kuzifanya vidani. Jana, mjini Karatu, Omary mnunuzi wa sarafu aliinua moja kwenye mwanga, akaigeuza pande zote mbili.

"Nchi yenyewe ndogo, walitengeneza chache, na dunia nzima wanaitafuta. Hii inamtibu Sifa macho yote mawili, mama. Kesho nitakuwa na hela, ilete." Kisha akamnong'oneza jambo sikioni.

Germana alipogeuka, alimwona Julius mlangoni mwa duka ananunua vocha. Mnong'ono hakuusikia. Aliyoyasikia yalimtosha.

Sasa Julius alimkamata nywele, akamgonga kichwa kwenye mguu wa meza. Damu ikamtoka puani. Hapo ndipo Julius alipoiona: katikati ya sarafu zilizofubaa, moja inang'aa kama kioo.

"Hiyo niachie!" Germana alipiga yowe. "Ni macho ya mwanangu!"

Julius akacheka. Akaitia mfukoni, akachota konzi ya zile chafu na kumsokomezea mdomoni. "Tafuna hizi, ndizo saizi yako." Akamkanyaga vidole, akatoka.

Dukani, Omary aliigeuza sarafu chini ya lenzi. Akaitazama pia damu kwenye shati la Julius, akapima maneno yake.

"Imesuguliwa na majivu," alisema polepole. "Sarafu ni uchache wake, na ngozi yake ilivyotoka kiwandani. Ukiisugua umeichuna. Nilimnong'oneza yule mama, usiisugue! Hii haikununulii hata soda."

Julius akamrukia kooni, kabati la vioo likavunjika. Vijana wa bodaboda wakaingia, wakamburuta nje, na mateke waliyompa hayakuwa na huruma. Malipo ni hapa hapa duniani.

Habari zilifika zahanati, alikolazwa Germana, kabla ya jioni. Nesi Brigita alisikitika sana. Masikini mama wa watu, kaharibu macho ya mwanawe kwa majivu yake mwenyewe!

"Pole, dada. Fungua kinywa nikusafishe."

Germana akatema sarafu moja mkononi, nyeusi kwa uchafu na damu. Brigita akachukua pamba yenye spiriti aifute. Germana akamdaka mkono.

"Iache hivyo hivyo, niitie Omary. Ya kusugua nilishamsugulia shemeji jana."