Meza ya Kamati ya Mto

Kamati ya Mto ilipovunjwa, kila nchi ilidai nusu yake ya meza. Machumu akashika msumeno upande huu, shemeji yake Nyanjige, mjumbe wa ng'ambo, akashika upande ule, wakaanza kukata.

Juu ya meza hiyo wajumbe wa nchi zote mbili walipanga daraja kwa miaka. Katika kura ya kikao cha mwisho, daraja lilikosa mkono mmoja tu, mkono wa Machumu. Alitaka soko la darajani lijengwe kwao kwanza.

"Ungenyoosha tu, shemeji," Nyanjige alisema bila kumtazama. "Mto ungefurika utakavyo, na dada, mkeo, angevuka akawahi kumzika mama yetu."

Msumeno ukasimama.

"Nilidhani tutakutana tena mwezi ujao," Machumu alisema. "Si siku zote tulikuwa tunakutana tena?"

 Nyanjige akavuta msumeno.

Mbao ikaachana. Kila nusu, ikiwa na miguu miwili tu, ikaanza kuanguka. Kila mmoja akaidaka yake kwa mikono yote miwili. Nje, madereva wa malori mawili yaliyokuja kuchukua nusu hizo walipiga honi, lakini mashemeji wakabaki wamesimama, nusu mbili za meza zikiwa bado zimegusana.