Nyegere Aliyeizoesha Mashine

Wanyama walikuwa na ghala la asali lililofunguka kwa nenosiri tu. Mlinzi wake, Bi Kanga, alipiga kelele hata jani likianguka, mwishowe hakuna aliyemjali. Basi wakamletea mashine yenye akili mnemba, ijifunze mambo ya kila siku na kulia tu kukiwa na lisilo la kawaida.

Nyegere, mlafi mwenye subira, akawa anakuja kila asubuhi kujaribu nenosiri moja tu. Likikataa, anacheka: "Samahani Bi Kanga, nimesahau tena!" Mashine ikamzoea. Baada ya mwezi akalipatia, Bi Kanga akiwa anasinzia kwa kuiachia mashine ulinzi; akasomba mitungi yote, akafunga mlango, na mashine ikanyamaza.

Kesho yake ikalia: "Si kawaida! Nyegere hajaja kukosea."

"Maskini, atakuwa anaumwa," alisema Kanga, akampelekea uji. Alimkuta katikati ya mitungi, anajilamba vidole.

"Nani kanichongea?" Nyegere alifoka. "Ile mashine nimeizoesha mwenyewe!"

"Umeizoesha mno, Bwana Nyegere. Leo imekuulizia."

Kisha Kanga, aliyekaa kimya mwezi mzima, akapiga kelele. Walikuja wote.