Kaseti Iliyorudi Kutoka Unguja

Kaseti ilipoanza kulia, Bi Mahbuba aliziba masikio.

"Ndiyo mchezo wenyewe huo, Bi Mahbuba," alisema fundi Yaqdhan, aliyekuja kutoka mtaa wa Ghala na kompyuta kongwe kwapani. "Zamani ukiizima, kompyuta husahau kila kitu. Basi mtu akishatunga mchezo wake, huugeuza sauti na kuutia kwenye kaseti hizi hizi za redio. Sasa itausikiliza upya."

"Mbona sauti hii kama nishapata kuisikia?"

"Faksi ya marehemu babu hiyo, Bibi," alitania Taghreed, mjukuu wake.

Bi Mahbuba hakucheka. Mchezo ule aliutunga mwanawe Harub alipokuwa kazini Kuwait. Katika simu yake ya mwisho alimwambia, "Mama, nimekutia ndani ya televisheni. Nikija ntakuonyesha. Ukifika mwisho wa mchezo kuna maneno yangu kwako." Hakuja. Gari ilimuua huko huko.

Miaka yote hiyo mchezo haukuonekana, mpaka juzi, wana wa marehemu Shaikha, mdogo wake Bi Mahbuba, walipoleta sanduku la vitu vya mama yao kutoka Unguja. Ndani, kaseti yenye mwandiko wa Harub: *Kwa Mama*.

"Ilifikaje kwa Shaikha?" aliuliza Taghreed.

"Shaikha alikuwa na mkono mrefu, Mungu amrehemu."

"Bibi! Maiti huyo!"

"Si nimemwombea rehema?"

Yaqdhan akairudisha kaseti mwanzo, akaunga redio na kompyuta kwa waya, kelele zikazimika. Picha ikatokea kwenye televisheni. Mwanamke wa buibui, wa vipande vipande vya mraba, amesimama mbele ya nyumba na kikapu mkononi.

"Mimi huyo," alinong'ona Bi Mahbuba, akasogeza kiti.

"Tazama Harub alivyojibana," alisema Yaqdhan. "Nafasi ya kompyuta ilikuwa haitoshi hata kwa picha moja ya simu. Kikapu, mlango, dirisha, umbo ni lile lile, kalitumia mara tatu. Hii ni sehemu ya kwanza tu. Mchezo na yale maneno yamo katika ya pili."

Wakangoja. Kaseti ilizunguka, mwanamke wa buibui hakutikisika.

Yaqdhan aliirudisha nyuma, akajaribu tena. Akasafisha kichwa cha redio kwa pamba. Mwanamke alikuja mpaka pale pale mlangoni, akasimama.

"Sehemu ya pili haiji, Bi Mahbuba."

"Shaikha kaiharibu! Mwanangu, fanya uwezalo. Nataka maneno yake tu."

"Ngoja tusikie kuna nini humo." Yaqdhan alichomoa waya wa kompyuta, redio ikapata sauti.

Zile kelele zililia kidogo kama nyenze, zikakatika. Mwanamke kijana akaanza kusema, kicheko kikimponyoka:

"Shaikha mdogo wangu, salamu aleikum! Huyu mwanangu Harub kanletea kaseti mbovu, inalia tu. Nikasema isipotee bure, nikutilie salamu…"