Plagi ya Tatu

Mzee Shomvi alifungua plagi ya tatu ya gari la mashindano la bintiye, Tunu, akaipangusa na kuigeuza juani. Kwenye kauri yake nyeupe zilinata chembe za chuma zinazometameta. Pistoni ndani ya injini ilikuwa imeanza kuyeyuka.

"Mwanangu, leo usilikimbize gari hili," alisema. "Injini inajila yenyewe kwa ndani."

"Si lilikuwa linakohoa tu, Baba? Badilisha plagi." Tunu alikuwa ameshavaa helmeti. "Usipozifunga wewe, nitazifunga mwenyewe."

Mzee akazifunga mpya, zote, huku akiomba kimoyomoyo gari ligome. Tunu akawasha. Injini ikaitika papo hapo, ikanguruma kwa sauti tamu kuliko siku zote.

"Umesikia?" Tunu alicheka, akaubusu mkono wa baba yake uliojaa grisi. "Umeliponya!"

"Sikuliponya, mwanangu, nimeuficha tu ugonjwa wake..."

Mngurumo ukayameza maneno yake. Gari likatokomea na vumbi lake kuelekea mlimani.

Mzee alibaki kando ya barabara na plagi ile kuukuu kiganjani, bado ya moto. Akaifumbata hivyo hivyo, akiisikiliza sauti tamu ikipanda kona baada ya kona.