Nani Kamwosha?

Majirani waliingia wakilia wakamkuta Bi Mwanaidi anachambua mchele. Wakamwonyesha simu: dada yake Shuwena, mwimbaji maarufu, kafariki.

"Nani kamwosha?" akauliza.

"Shoga, mtandaoni wameandika watu elfu thelathini!"

"Elfu thelathini, na hakuna hata mmoja aliyeteka maji? Wa kumwosha dada yangu ni mimi, na sijaitwa."

"Lakini picha yake imewekwa mshumaa," mmoja akanong'ona.

Bi Mwanaidi akasonya. "Mshumaa! Juzi mlimlilia hivyohivyo yule mcheza mpira, kesho yake akafunga mabao mawili. Futeni kamasi, mnanidondoshea kwenye ungo."

Kisha akampigia dada yake. Simu ikaita, ikaita tena. Wanawake wote wakasogea kusikiliza, pembe za kanga midomoni.